Kuomba uhuru mbele ya kukamatwa, katika mashitaka ya watu wa ndoa

Wakatekista wetu wa pande za Bambu wanalijua neno hili. Mume na mke wamegombana, mke amerudi kwa baba yake. Siku chache kiisha yasikika kwamba faili limefunguliwa kwa polisi, na mume anaogopa kulala nyumbani. Ndugu zake wanakuja kwa Padri: «Utuandikie barua, asikamatwe.» Je, barua ile ina nguvu gani mbele ya sheria? Haina nguvu. Lakini si kusema kwamba sheria yenyewe haina msaada.

Kuna nchi ambamo mtu aweza kwenda kwa juji kuomba uhuru mbele ya kukamatwa. Watu wa Uhindi waliliandika jambo hilo katika sheria yao ya mwaka 1973, na sheria mpya ya 2023 imelishika tena; huko linaombwa sana katika magomvi ya ndoa, maana mara nyingine mke hushitaki mume pamoja na wazazi na ndugu zake wote. Kenya nako Mahakama Kuu yaweza kulitoa, mtu akionyesha kwamba wanataka kumkamata kwa chuki tu. Congo yetu haina kitu hicho. Dekreti ya 6 Agosti 1959, ambayo ingali inafuatwa, inajua tu uhuru wa muda, nao huombwa mtu akiisha kushikwa.

Basi mwenye kuogopa asikimbilie machimbo ya dhahabu. Hofu ya kukimbia ni moja ya sababu ambazo juji anazitazama ili kumfunga mtu. Akiitwa, aende mwenyewe, pamoja na avoka kama anaye, na aonyeshe kwamba ana makao, ana watoto, ana kazi.

Katiba ya mwaka 2006 inasema kwamba uhuru ndio kanuni, na kifungo mbele ya hukumu ni jambo la pekee. Polisi hawana ruhusa ya kumweka mtu kashoni kupita masaa 48. Kiisha sherti aachiliwe au apelekwe kwa wakubwa wa sheria. Juji akikubali afungwe, amri yake ya kwanza ni ya siku 15, halafu faili hutazamwa tena mwezi kwa mwezi. Hapo ndipo pa kuomba uhuru wa muda. Fedha ya dhamana huwekwa mikononi mwa karani wa tribunali, na karatasi ya malipo hutolewa. Ni ya kuthibitisha tu kwamba mtu atakuja akiitwa. Fedha inayodaiwa usiku mlangoni pa kasho bila karatasi si dhamana. Tuiite kwa jina lake, ni rushwa.

Tupambanue pia mashitaka yenyewe. Deni la mali ya ndoa ni shauri la jamaa mbili, wala mtu hafungwi kwa sababu ya deni tu. Uzinzi, kwa sheria ya jamaa ya 1 Agosti 1987, haufuatwi pasipo mashitaka ya mwenzi aliyekosewa, naye akiyaondoa, kesi inasimama. Kwa hiyo kazi yetu ya kupatanisha ina faida hata tribunalini. Lakini kupiga na kubaka ni mambo mengine. Hata mke akisamehe, parke yaweza kuendelea. Tena si vema kabisa mkatekista amsukume mwanamke mwenye vidonda «aondoe faili kwa ajili ya amani». Juji anayetoa uhuru wa muda aweza kumkataza mume asifike mahali fulani: tumkumbushe mke na avoka wake waombe hivyo, ili aliyeachiliwa asirudi kumtisha nyumbani kwa baba yake.

Mwisho, tuulize kwanza faili liko wapi. Tangu Mei 2021, Ituri ilipowekwa chini ya utawala wa kiaskari, mashitaka ya makosa yalihamishiwa tribunali za kiaskari, na baadaye sehemu yake ikaanza kurudishwa kwa majuji raia. Ombi likipelekwa Bunia kwa juji asiye na faili, siku zinapita bure na mtu angali ndani.