Simu za Mkopo: Mnunuzi Aujue Mwenye Ufunguo Kabla ya Kusaini

Simu janja zinazouzwa kwa mkopo zimewawezesha wananchi wengi wa kipato kidogo kumiliki simu kwa kulipa kiasi kidogo kila siku au kila wiki. Kwa mwendesha bodaboda wa Mkolani, wilayani Nyamagana jijini Mwanza, simu hiyo ni pochi na daftari la wateja. Malipo yakichelewa, simu hufungwa kutoka mbali na kazi husimama.

Kinachoifunga ni programu iliyowekwa kabla ya mauzo. Kwa kawaida mnunuzi hawezi kuiondoa, kwa kuwa simu imetengenezwa kukubali tu mfumo wenye saini ya kidijitali ya mtengenezaji.

Hata hivyo, nyingi ya simu hizo hutumia Android, ambayo kiini chake, Linux, ni programu huria. Leseni yake, GPL toleo la 2 la mwaka 1991, humpa anayeipokea haki ya kuichunguza, kuirekebisha na kuisambaza, na humtaka msambazaji kutoa msimbo wake. Lakini toleo hilo halitaji funguo za saini. Toleo la 3, lililotolewa Juni 29, 2007, lilishughulikia pengo hilo, baada ya vinasa televisheni vya TiVo nchini Marekani kukataa programu zilizorekebishwa na watumiaji. Linux imebaki katika toleo la 2. Hivyo, mwananchi anaweza kuwa na haki ya msimbo bila kuwa na ufunguo wa simu yake.

Kwa sababu hiyo, mkataba ndio kinga ya kwanza ya mnunuzi. Kabla ya kusaini, aulize: kufuli litaondolewa lini baada ya malipo ya mwisho? Je, simu iliyofungwa itaweza kupiga namba za dharura? Ni taarifa gani zake zinakusanywa, na kwa madhumuni gani? Swali la mwisho linalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Wananchi wanashauriwa kutunza mkataba na kumbukumbu za malipo yote, na kudai uthibitisho wa maandishi kwamba kufuli limeondolewa deni linapokwisha. Aidha, wajiepushe na mafundi wanaoahidi kufungua simu kwa kubadili namba yake ya utambulisho (IMEI), kwani kitendo hicho ni kosa kisheria.