Ndugu Aliyepotea: Jinsi ya Kusoma Hadithi Yenye Fumbo

Ndugu wanafunzi wa madarasa ya watu wazima, ninyi wa Ifakara, wa Mlimba, wa Mahenge na wa bonde zima la Kilombero, maneno haya mmeyasikia redioni. Sasa yamepigwa chapa, ili kila mmoja wenu ayasome polepole kwa macho yake mwenyewe. Mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno matatu: SWALI, DALILI, JAWABU. Hayo ndiyo yatakayotuongoza leo.

1. Kwa nini kupotea ni fumbo

Mtu akifa, twajua la kufanya. Twamzika, twakaa matanga, twagawa urithi, na mjane ajua hesabu ya siku zake. Lakini mtu akipotea, hakuna hata moja katika hayo linalowezekana. Mama hathubutu kumwita marehemu, wala hawezi kusema kwamba yuko hai. Shamba lake halina mwenyewe. Mkewe si mjane, wala si mke aliye na mume. Miaka hupita, na swali hubaki pale pale: yuko wapi?

Swali hilo ndilo linalozaa hadithi. Wengi wenu mmesikia habari za Bwana Msa, mpelelezi wa Unguja, katika kitabu cha Muhammed Said Abdulla kiitwacho Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka mwaka 1960. Katika hadithi kama hiyo, maiti yaonekana mapema, na swali ni hili: nani aliyeua? Lakini iko namna nyingine ya fumbo. Humo hakuna maiti. Kuna nafasi tupu tu, na ndugu anayeitazama. Hadithi tutakayoisoma leo ni ya namna hiyo ya pili.

2. Kitabu chenyewe

Mwandishi wake ni Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948, akahamia Uingereza alipokuwa kijana. Mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Huandika kwa Kiingereza, lakini watu wake na miji yake ni ya kwetu. Kitabu chake Paradise, cha mwaka 1994, kimefasiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis, nacho chaitwa Peponi. Kitabu cha leo chaitwa Afterlives, nacho kilitoka mwaka 2020. Habari zake zaanza nchini mwetu katika zama za utawala wa Wajerumani.

Mna ndugu wawili, Ilyas na dada yake mdogo Afiya. Ilyas alitoroka kwao akiwa mtoto. Askari mmoja akamchukua, na mwishowe akasomeshwa katika misheni ya Wajerumani. Alipokuwa mtu mzima alifika mji mmoja wa pwani, akafanya urafiki na karani jina lake Khalifa. Khalifa akamhimiza aende kijijini kwao akawaangalie wazee wake. Alipofika, akakuta wazazi wamekwisha kufa, na dada yake, ambaye hakumjua, analelewa katika nyumba ya watu. Akamchukua, akaenda naye mjini, akamfundisha kusoma na kuandika.

Kisha Ilyas akajiunga na jeshi la Wajerumani, wakati vita vya mwaka 1914 vilipokuwa vikikaribia. Afiya akarudishwa kijijini. Ilyas hakurudi, wala hakuleta barua.

Hapa simama kidogo, mwanafunzi. Jiulize: swali la hadithi ni lipi? Ni hili: Ilyas amepotelea wapi? Liandike katika daftari lako. Msomaji wa fumbo asiposhika swali, atapita dalili zote bila kuziona, kama mtu apitaye porini usiku bila taa.

3. Dalili hukaa wapi

Dalili ni kitu kidogo kinachotuelekeza kwenye jambo kubwa. Mvuvi wa Kilombero aona majani yanatikisika juu ya maji, ajua kwamba chini yake mna samaki. Hajamwona samaki bado. Ameona dalili yake. Katika kitabu hiki dalili nyingi ni karatasi, na nataka mlitazame sana jambo hilo.

Karatasi ya kwanza ni ya Afiya mwenyewe. Huko kijijini, mlezi wake aligundua kwamba msichana huyu anajua kuandika. Akakasirika mno, akampiga vibaya hata akamwumiza mkono. Kwa mawazo yake, mwanamke hana haja ya kalamu. Lakini kalamu ile ile ndiyo iliyomwokoa. Afiya aliandika maneno machache mno, yasiyojaza hata mstari mzima wa daftari lenu, akayapeleka kwa Khalifa kwa msaada wa mwenye duka. Khalifa akayasoma, akaja, akamtoa. Ninyi mnaosema kwamba maneno mnayojua kuandika bado ni machache, fikirini habari ya Afiya.

Miaka ilipita. Afiya akaolewa na Hamza, ambaye naye alikuwa askari katika vita vile. Wakazaa mtoto wa kiume, wakampa jina la mjomba wake: Ilyas. Tazameni basi, aliyepotea sasa yumo nyumbani kwa jina lake. Naye mtoto alitaabishwa na sauti iliyomwuliza mahali alipo Ilyas. Hamza akaandika barua kwenda Ujerumani, kwa watu wa misheni waliomtibu zamani. Jibu likaja kwamba Ilyas alikuwa ameonekana huko Ujerumani. Hiyo ni karatasi ya pili.

4. Jawabu

Mpwa alipokua, alifanya kazi ya utangazaji wa redio. Baada ya nchi kupata uhuru, akapewa nafasi ya kusoma Ujerumani. Huko akatafuta katika nyaraka za serikali na katika picha za zamani, akampata mjomba wake. Ilyas alikuwa ameishi Ujerumani kwa miaka mingi. Aliimba majukwaani. Aliandamana pamoja na Wanazi waliotaka Ujerumani irudishiwe makoloni yake. Wanazi hao hao, waliochukia kila mtu asiye wa rangi yao, wakamshika kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani. Akafia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, karibu na Berlin.

Labda mtaniuliza, kwa nini nimeutoboa mwisho wa hadithi? Nimefanya hivyo kwa sababu jawabu hili ni gumu, na lataka kufikiriwa. Dada alingoja kaka mwema aliyemfundisha kusoma. Aliyepatikana ni mtu aliyewapenda mabwana wasiompenda yeye. Jawabu la kweli si lazima litufurahishe. Hata hivyo, laondoa mzigo mmoja: sasa familia yaweza kusema amekufa, na yajua alifia wapi.

5. Jambo kama hilo lilitokea kweli

Ilyas ni mtu wa hadithi. Lakini yuko mtu wa kweli ambaye maisha yake yanafanana na hayo. Aliitwa Mahjub bin Adam Mohamed, naye alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani, na yeye mwenyewe aliingia vitani akiwa mtoto. Baadaye alifanya kazi melini, na mwaka 1929 akafika Berlin kudai mishahara ya vita, yake na ya baba yake, iliyokuwa haijalipwa. Hakulipwa. Akabaki huko akitumikia wageni mezani, akicheza katika filamu, na kuwafundisha Wajerumani Kiswahili, lugha hii hii mnayoisoma. Kule alijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Mwaka 1941 alikamatwa, na tarehe 24 Novemba 1944 akafa Sachsenhausen. Mwaka 2007 bamba dogo la shaba lenye jina lake liliwekwa chini mbele ya nyumba aliyokaa Berlin. Kila apitaye aweza kulisoma.

6. Na wale wa kwetu?

Sasa turudi bondeni. Katika vita vile vya 1914 mpaka 1918, Mahenge ilikuwa ngome ya Wajerumani, na chakula cha bonde hili kililisha majeshi. Mwezi Oktoba 1917 majeshi ya Wabelgiji yaliitwaa Mahenge. Majeshi ya pande zote yalibebewa mizigo na watu wa nchi hii. Vijana walitwaliwa vijijini, wakatwishwa masanduku ya risasi na magunia ya chakula. Wengi walikufa kwa njaa, kuhara na malaria kuliko kwa risasi.

Majina yao yako wapi? Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa wakiitumikia Uingereza katika vita vile, na pengine kufikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walitoka Afrika na Mashariki ya Kati.

Linganisheni mambo haya mawili. Bayume Husen ajulikana siku aliyokufa, kwa sababu kulikuwa na karatasi. Mpagazi aliyefia njiani hajulikani, kwa sababu hakuna aliyeandika jina lake. Wote wawili walikuwa na mama, na wote wawili walikuwa na ndugu. Wazee wetu husema: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi mtu je?

7. Kazi yako

Usidhani kwamba watu walipotea zamani tu. Hata leo kijana huaga Ifakara, akapanda treni ya TAZARA au basi, akaenda kutafuta kazi, na simu yake ikanyamaza. Kwa hiyo nawaomba mfanye kazi moja wiki hii. Chukua ukurasa mmoja wa daftari, uandike juu yake: WATU WA NYUMBANI KWETU. Chini yake andika kwa kila mtu: jina lake, jina la baba na la mama, mwaka na mahali alipozaliwa. Kwa aliye mbali, ongeza mambo matatu: alionekana mwisho lini, wapi, na nani aliyemwona.

Waulize wazee mapema, wakati bado wanakumbuka. Wala usiandike uvumi kana kwamba ni kweli. Kama shangazi asema, “Nilimwona Kidatu,” na jirani asema, “Nilisikia yuko Kidatu,” maneno hayo si sawa. La kwanza ni dalili, la pili ni tetesi. Yaandike yote mawili, lakini kila moja na jina la aliyesema.

Ukurasa huo waweza kupelekwa polisi au kwenye serikali ya kijiji. Kwa waliotenganishwa na vita au maafa, Chama cha Msalaba Mwekundu kina kazi ya kuwatafuta jamaa. Lakini kila ofisi itauliza kwanza: jina lake nani, na alionekana mwisho wapi? Mwenye ukurasa atajibu.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kuna tofauti gani kati ya kufiwa na kupotelewa na ndugu?
2. Mlezi wa Afiya aliogopa nini katika kalamu?
3. Je, ni afadhali kujua jawabu chungu, au kubaki na matumaini? Toa sababu zako.
4. Taja jina moja katika ukoo wako ambalo halijaandikwa popote. Liandike sasa.

Kwaherini, ndugu wanafunzi. Someni salama.