Umeme Upitao Juu ya Vijiji: Teknolojia Humtumikia Nani?

Mwanafunzi atafakaripo nafasi ya teknolojia katika jamii huelekea kuhesabu vyombo: redio, simu, kompyuta. Hesabu hiyo haitoshi, kwa kuwa kila chombo kina njia yake ya kuwafikia watu, na njia hiyo huamuliwa na watu. Mfano ulio wazi nchini Kongo ni waya wa umeme utokao Inga, kwenye maporomoko ya mto Kongo, hadi Kolwezi katika Katanga.

Kituo cha Inga I kilianza kazi mwaka 1972, na Inga II mwaka 1982. Mwaka huohuo wa 1982 ulikamilika waya wa Inga-Shaba, wenye urefu wa kilometa 1,700 hivi. Shabaha yake ilikuwa kuvipatia nguvu viwanda vya shaba na kobalti. Wachunguzi kadhaa wameona pia shabaha ya kisiasa: jimbo lililojitenga tangu 1960 hadi 1963 lingefungamanishwa na Kinshasa kwa kulitegemea bwawa lililo mbali nalo.

Umeme wa majumbani ni wa mkondo geu, yaani hubadili mwelekeo mara nyingi katika sekunde moja. Volteji yake hupandishwa au kushushwa kwa transfoma, hivyo mji ulio njiani waweza kuchota sehemu yake bila shida kubwa. Kwa safari ndefu ya kwenda Kolwezi ulichaguliwa mkondo mnyoofu, ambao hupotea kidogo zaidi njiani na kuhitaji nyaya chache. Lakini mkondo huo una sharti lake: lazima ugeuzwe Inga uondokapo, na kugeuzwa tena Kolwezi ufikapo. Kituo cha kugeuzia ni mtambo mkubwa wenye gharama nyingi. Hakijengwi kwa ajili ya kijiji cha nyumba mia mbili.

Ndiyo maana vijiji vingi vya Bandundu na Kasai vilivyo chini ya nyaya hizo vimebaki gizani. Mtoto huko hudurusu masomo yake kwa kibatari, huku nguvu nyingi ikipita juu ya paa la nyumba yao. Vyuma vya baadhi ya nguzo vimeng'olewa na kuibwa. Wizi ni wizi, lakini ni vigumu kumtaka mtu alinde mali ambayo haijamwangazia hata chumba kimoja.

Haifai kusema kwamba wahandisi walikosea. Walijibu vizuri swali waliloulizwa: namna ya kufikisha umeme migodini. Swali la wanakijiji halikuulizwa, na kile kisichoulizwa mwanzoni ni ghali kukirekebisha baadaye.

Jambo hili halijapitwa na wakati. Nchini Kongo, takriban mtu mmoja tu kati ya watano hupata umeme. Hata hivyo, mkataba uliotiwa sahihi na Afrika Kusini mwaka 2013 juu ya mradi wa Inga uliitengea nchi hiyo megawati 2,500. Mwanafunzi wa uhandisi, wa sheria au wa lugha ana haki ya kuuliza, kabla nguzo mpya hazijasimamishwa, umeme huo utashuka wapi na kwa nani. Tena aulize kwa lugha ambayo wanakijiji wenyewe wanaielewa, ili nao wapate kujibu.