Maji ya Mfereji, Joto la Maziwa

Anayemwagilia kwa mfereji huku Ngaramtoni anajua kuwa maji hayaitiki papo hapo. Unaondoa mawe na matope kule juu, unashuka, unakuta mahindi bado makavu. Asiye na subira hupanda tena kupanua mlango. Maji ya kwanza yanapofika, mengine yako nyuma yake, na jirani wa bondeni anakuta mboga zake zimelala kwenye tope.

Kosa hilohilo nililikuta katika kiwanda kidogo cha maziwa nilikoitwa kama fundi. Maziwa yanayopashwa kwa mkondo ili kuua vijidudu hutakiwa kufika nyuzi 72 na kukaa hapo sekunde 15; yakipungukiwa, valvu huyarudisha kwenye tangi yakaanze upya. Kidhibiti husoma joto la maziwa, kisha hufungua au hubana mvuke. Lakini mvuke hupasha maji, maji hupasha mabamba, mabamba hupasha maziwa, ndipo kihisi kinapata habari. Kidhibiti kile kilisetiwa kikali mno. Kiliamrishwa nyuzi 74, joto likawa linabembea kati ya 71 na 77 kutwa nzima.

Waendeshaji walikuwa na dawa yao: wakapandisha kiwango hadi 76, ili hata joto likishuka lisifike 72. Siwalaumu, maana jioni waliulizwa lita, hawakuulizwa mchoro wa joto. Ila nyuzi hizo za ziada ni kuni zilizoteketea bure kwenye boila, na kuni hukatwa mahali. Hilo liliniuma kuliko mchoro wenyewe.

Njia ya kuseti ipo tangu 1942, ilipochapishwa na John Ziegler na Nathaniel Nichols wa kampuni ya Taylor Instrument, Marekani. Unazima sehemu inayolimbikiza makosa yaliyopita na ile inayofuata kasi ya badiliko. Unaongeza nguvu ya kidhibiti kidogo kidogo mpaka joto libembee bila kukua wala kufifia, unapima muda wa bembea moja, kisha unarudi chini: asilimia 45 ya nguvu hiyo, pamoja na mlimbikizo unaokokotolewa kutokana na ule muda. Jaribio hilo hufanywa kwa maji, kamwe si kwa maziwa ya watu. Namba zao ni kali kwa kazi hii. Mimi huanzia nusu ya nguvu wanayoipendekeza.

Kabla ya namba, hata hivyo, itazame valvu ya mvuke. Weka mtambo kwenye hali ya mkono, sogeza amri kidogo, angalia shina la valvu. Pale shina lilikuwa limekaza: amri zilipita bila lolote, kisha likaruka ghafla. Hakuna namba inayotibu chuma kilichokwama. Tulilisafisha asubuhi, kuseti kwenyewe kulikula mchana mmoja. Joto likatulia ndani ya nusu nyuzi, na kiwango kikashushwa hadi 73.

Niliandika namba za zamani na mpya, pamoja na tarehe, ndani ya mlango wa kabati la umeme. Mabamba yakishika ukoko, au kihisi kikihamishwa, hazitafaa tena, na fundi atakayekuja anastahili kujua zilitoka wapi.