Njia Zetu Zisimulie

Maelfu ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi hupita Barabara ya Harry Thuku. Kibao huwapa jina, basi. Hakiwaambii kuwa mnamo Machi 16, 1922, karibu na hapo, umati uliodai Thuku aachiliwe kutoka kituo cha polisi ulimiminiwa risasi. Wala hakimtaji Muthoni Nyanjiru, aliyewasuta wanaume waliotaka kurudi nyuma, akawaambia wampe suruali zao naye awape rinda lake. Aliuawa siku hiyo.

Mtahiniwa huyakariri hayo darasani, akayasahau mtihani ukiisha. Lau yangechorwa ukutani na kwenye vigae vya njia ya miguu, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, yangesomwa hata na mchuuzi asiyewahi kuingia chuoni. Mjini Boston, Marekani, njia iliyoasisiwa mwaka wa 1951 huwaongoza wapitao kilomita 4 hivi kati ya kumbukumbu za harakati za uhuru wao. Kiongozi wao ni mstari mwekundu chini, wa rangi na matofali. Hayo nasi twayakosa?

Hata hivyo, michoro isipambwe hadi ikaficha ubishi. Serikali ya kikoloni ilikiri vifo 21. Wengine walitaja idadi kubwa zaidi. Hesabu zote ziandikwe bega kwa bega, na walimu wa historia, si wenye mabango ya matangazo, wayapitie maandishi kabla fundi hajachovya brashi.