Dishi Moja, Vyumba Vyote



Ndugu wanafunzi na wazazi, katika nyumba nyingi hapa Shangani dishi ni moja na televisheni ni moja, nayo iko sebuleni. Akija mgeni wa baba, mama na mabinti huondoka, na darsa waliyokuwa wakiisikiliza huwapita. Wengine huifuata kwenye simu, na bando likaisha kabla ya darsa. Hivyo basi, tumeona ni vyema tueleze namna dishi lile lile linavyoweza kuhudumia vyumba vyote bila bando.

Dishi linaelekea wapi?

Setilaiti za televisheni ziko juu ya Ikweta, umbali wa takriban kilomita 36,000. Huzunguka sambamba na dunia, ndiyo maana kwetu huonekana zimesimama, na dishi likishafungwa haligeuzwi tena. Sisi wa Mtwara tuko kusini mwa Ikweta, na Makkah iko karibu kaskazini kabisa mwetu. Kwa hiyo anayejua kibla ana pa kuanzia. Mathalani, setilaiti ya nyuzi 36 mashariki iko kushoto mwa kibla, juu sana. Ile ya nyuzi 7 mashariki, inayobeba Azam TV, iko kushoto zaidi, upande wa magharibi.

Kompyuta ndogo inafanya nini?

Mwaka 2012 ilianza kuuzwa Uingereza kompyuta iitwayo Raspberry Pi, yenye ukubwa unaokaribia kadi ya benki. Huunganishwa na kipokezi cha setilaiti cha aina ya DVB-S2, nacho huchomekwa waya wa dishi. Ndani yake huwekwa programu ya bure iitwayo Tvheadend, inayopokea chaneli na kuzipeleka kwenye ruta ya nyumbani. Haina haja ya kuifungua picha. Huipitisha tu, mfano wa hamali abebaye gunia bila kulifungua. Ndiyo maana kompyuta ndogo inatosha. Aliye chumbani hutazama kwa simu au kompyuta yenye programu ya VLC au Kodi.

Kwa kuwa safari yote ni ya ndani ya nyumba, bando haliguswi. Hata intaneti ikikatika, picha huendelea.

Ama mpaka wake ni huu: kipokezi kimoja hushika masafa mamoja kwa wakati mmoja. Masafa hayo huweza kubeba chaneli kadhaa, na zote zaweza kutazamwa pamoja, huyu hii na yule ile. Chaneli iliyo kwenye masafa mengine huhitaji kipokezi cha pili na waya wake kutoka kwenye dishi.

Mambo ya kuzingatia

1. Umeme. Kichwa cha dishi, ambacho mafundi hukiita LNB, hutumia volti 13 au 18 kupitia waya wake. Tundu la USB hutoa volti 5 tu, hivyo chagua kipokezi chenye adapta yake.

2. Waya. Wi-fi hupungua nguvu ikipita kwenye kuta za matofali. Kompyuta hiyo iunganishwe na ruta kwa waya.

3. Chumvi. Upepo wa bahari hula viungo vya waya. Vifunikwe vizuri visipate kutu.

4. Haki za watu. Chaneli za kulipia hufungwa, na hufunguliwa kwa king'amuzi na malipo yake. Njia hii ni kwa chaneli zisizofungwa. Kuzifungua za kulipia kwa njia za wizi ni kula haki ya mtu.

5. Malezi. Mzazi aweza kumpa kila mtoto nenosiri lake na kumchagulia chaneli. Chumba chenye skrini isiyo na mlinzi ni mlango ulioachwa wazi.

6. Swala. Darsa ikigongana na swala, irekodiwe. Saa moja ya picha ya kawaida huchukua takriban gigabaiti 2.

Wanafunzi mnaosoma kompyuta, kaeni na wazazi wenu na fundi wa dishi, muulizane ni chaneli zipi zisizofungwa zinazofika hapa na ukubwa wa dishi unaohitajika, kabla hamjanunua chochote. Elimu iliyokuwa ya aliyekaa sebuleni iwafikie wote waliomo nyumbani.

Wabillahi tawfiq.