Vumbi Ndani ya Kompyuta: Tuangalie Kifua, Tuangalie na Umeme

Huenda utashangaa kukuta kompyuta katika ukurasa wa afya. Lakini mashine hizi zimeingia katika ofisi za parokia, shuleni na majumbani, na anayeifungua ile ya mezani ili aisafishe hukutana na mambo mawili yawezayo kumdhuru: vumbi na umeme.

Ndani ya sanduku la kompyuta mna feni zinazovuta hewa ya chumbani ili kupoza vyuma vinavyopata moto. Hewa hiyo huja na vumbi lake. Baada ya mwaka mmoja au miwili, hasa mahali ambapo barabara za kiangazi ni vumbi tupu, vyuma vya kupozea huwa vimefunikwa kama mtu aliyevikwa blanketi mchana wa jua. Feni hupiga kelele, na mwishowe mashine hujizima yenyewe katikati ya kazi. Hapo ndipo mtu hutafuta bisibisi.

Tuanze na umeme, maana huu hausamehe. Zima kompyuta kama kawaida, kisha chomoa waya wake kabisa kutoka kwenye soketi; kuzima swichi tu hakutoshi. Ukishachomoa, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 hivi ili umeme uliobaki upungue. Sasa angalia kile kisanduku cha chuma ambacho waya wa umeme huingilia. Mafundi hukiita pawasaplai. Hicho kisifunguliwe kamwe! Mna vifaa viitwavyo kapasita ambavyo huhifadhi umeme, na vinaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya waya kuchomolewa. Watu hupigwa na mashine waliyodhani imekufa. Kipangusie vumbi kwa nje, basi. Vilevile usifungue zile skrini za zamani zenye mgongo mrefu kama televisheni. Humo mna maelfu ya volti.

Je, vumbi nalo? Lile la nyumbani si udongo mtupu. Mna nyuzi za nguo, ngozi iliyopukutika, mabaki ya mende, na vijidudu visivyoonekana kwa macho pamoja na kinyesi chao. Kwa mtu mwenye pumu, hayo yatosha kumbana kifua usiku kucha. Kwa hiyo peleka sanduku nje, barazani au chini ya mti, upepo ukiwa mgongoni mwako. Watoto wakae mbali, na mwenye pumu asiifanye kazi hii hata kama ndiye fundi wa nyumba. Vaa barakoa, kama zile tulizovaa wakati wa UVIKO-19.

Usipulize kwa mdomo. Mimi niliwahi kufanya hivyo, nikashinda siku mbili nikiwa na macho mekundu; tena mate huharibu mitambo. Tumia brashi mpya ya rangi, laini na kavu. Kabla ya kugusa chochote, shika kwanza chuma cha sanduku, kwani miili yetu hubeba umeme mdogo unaoweza kuunguza vifaa. Feni ishikilie kwa kidole isizunguke unapoisugua. Pampu ya baiskeli hufaa sana pembeni ambako brashi haifiki. Ile mashine ya upepo ya gereji haifai: nguvu yake ni kubwa mno, na mara nyingi hutoa maji na mafuta.

Wengine hununua makopo ya gesi ya kupulizia. Ukilipindua kopo juu chini, hutoka maji ya baridi kali yawezayo kuunguza ngozi, na baadhi ya gesi hizo hushika moto. Vijana wanaoinusa kwa mchezo hufa ghafla kwa moyo kusimama, hivyo kopo lifungiwe kabatini.

Ukikuta mavi ya panya chini ya sanduku, usiyafagie wala kuyapuliza. Vaa glavu, yaloweshe kwa pamba yenye spiriti, mbali na moto, yaokote, kisha acha pakauke kabisa kabla ya kurudisha umeme.

Mahali ulipofanyia kazi pafutwe kwa kitambaa kibichi badala ya ufagio, nawe unawe mikono na ubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Kompyuta ikirudi ndani, iwekwe juu ya meza, si sakafuni.